Vikomo vya rasilimali ndani ya kerneli: tumfunge mtumiaji, kazi, au mchakato?

#1 Mpiga_Kode
Wakuu, habari. Nina kerneli yangu ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi, ninayoiandika usiku baada ya kazi. Inawaka, ina memori pepe, ina watumiaji zaidi ya mmoja. Nimefika kwenye vikomo na nimekwama.

Nilianza kwa kuiga `setrlimit`, mwito wa Unix wa kuweka vikomo: kila mchakato una jedwali lake la vikomo na mtoto anarithi la mzazi. Nikaweka CPU sekunde 60, kisha nikaandika programu inayozaa watoto 1000 wa kukokotoa tu. Mtoto anarithi kikomo lakini harithi matumizi, kwa hiyo kila mmoja alianza na saa yake sifuri. Kazi moja ikala sekunde 60,000 na kerneli haikuona kosa lolote. Memori nayo vilevile: kikomo cha GB 2 kikizidishwa mara mia ni GB 200, na mashine haina hata robo ya hiyo.

Dai langu: kikomo cha mchakato mmoja mmoja hakilindi mashine. Kaunta zikae kwa mtumiaji na kwa kazi. Nikisema "kazi" nina maana ya michakato yote iliyotokana na amri moja, hata mzazi akishakufa. Kati ya hivyo viwili kipi kitangulie? Na kikomo kikigongwa, kerneli ifanye nini?

#2 Fundi_Seva
Naunga mkono, na nina kisa. Ninatunza seva inayotumiwa na watu wengi. Mmoja aliandika `make -j` akasahau namba mbele yake. Bila namba, make haina mpaka, inarusha kila kinachoweza kurushwa kwa wakati mmoja. Kompaila zikawa mamia, memori ikaisha, mashine ikaanza kuhamisha kurasa kwenda diski na kuzirudisha. Unabonyeza herufi, unaisubiri kwenye skrini. Na hakuna kompaila hata moja iliyokuwa imevuka kikomo chake.

Nikaweka michakato 100 kwa kila mtumiaji. Wiki iliyofuata mtumiaji mwingine alijaza mia yake kwa bahati mbaya, akataka kuingia upya aziue. Nywila inakubalika, halafu mlango unafungwa: kumfungulia shell (programu inayopokea amri zake) ni kuzaa mchakato wa 101. Mtu akawa amefungiwa nje na kazi zake mwenyewe.

#3 kernelimzee
Mkuu #2, shida hiyo ni kongwe. Unix toleo la 7 la mwaka 1979 lilikuwa na namba iliyoandikwa ndani ya kodi, `MAXUPRC`, 25: michakato 25 kwa mtumiaji, basi. Kwa hiyo mwenye uzi, kikomo cha mtumiaji si wazo jipya, kilikuwepo kabla ya kikomo cha mchakato. Na kwenye kodi ileile ya fork, mwito wa kuzaa mchakato, kuna sharti lingine ambalo nalipenda: asiye root (msimamizi mkuu) haruhusiwi kuchukua nafasi ya mwisho ya jedwali la michakato. Nafasi moja inabaki ya mwokoaji.

Ukibuni vikomo, anza na hilo. Akiba ya kumwezesha mtu kurekebisha ni sehemu ya kikomo chenyewe. `setrlimit` ilikuja baadaye sana na 4.3BSD.

#4 SwaliDogo
Samahani wakuu, mimi mgeni. Kama shell yako bado iko wazi na umeshafika 100, si hata `kill` yenyewe ni programu inayohitaji mchakato mpya? Unaiendeshaje?

#5 Bi_Terminali
@SwaliDogo swali zuri sana. Kwenye bash, `kill` imo ndani ya shell yenyewe, haizai kitu. Andika `help kill` usome: wanataja sababu mbili, ya kwanza ni kutumia namba za kazi badala ya namba za michakato, ya pili ni hii hasa uliyouliza, uweze kuua ukiwa umefika kikomo. `ls` na `ps` zitakataa, lakini `echo /proc/*` itakuonyesha namba za michakato kwa sababu shell inapanua nyota yenyewe. Nimewahi kujiokoa hivyo.

Mzee #3, kidogo tu: `setrlimit` ilikuja na 4.2BSD, 1983. Mgao wa diski nao ulikuja na 4.2BSD, na huo una kitu cha kuiga: kikomo laini unaruhusiwa kukivuka kwa siku kadhaa, muda wa neema ukiisha kinakuwa kigumu. Mtu anapata nafasi ya kusafisha kabla hajakatiwa.

#6 kernelimzee
Asante dada, 4.2 ndiyo sahihi.

#7 nyuziMbili
Mpiga_Kode, kabla hujamkimbilia mtumiaji, jiulize mtumiaji ni nani. Kwa kerneli ni UID, namba tu. Kwenye Linux `RLIMIT_NPROC` inahesabu kwa UID, na inachohesabu ni nyuzi (mikondo ya utekelezaji ndani ya mchakato), si michakato. Programu moja ya Java yenye nyuzi 80 imeshakula 80. (Ndiyo, najua jina langu, msianze.)

Sasa chukua kontena mbili, yaani mazingira mawili yaliyotengwa, kwenye mashine moja, kila moja inaendesha huduma yake kwa UID 1000. Kwa miaka mingi kerneli iliziona kama mtu mmoja: kontena A ikijaza hesabu, B inashindwa kuzaa mtoto hata mmoja, na aliye ndani ya B haoni sababu yoyote. Linux 5.14 ndiyo ilihamisha hesabu hizo zifuate nafasi-jina za watumiaji (user namespaces, zinazoipa kontena orodha yake ya UID), kila nafasi na kaunta yake, na matumizi yanapanda hadi kwa aliyeiunda.

Hapo ndipo "mtumiaji" anaanza kufanana na "kazi" yako. Kaunta inafuata mti. Haifuati mtu.

#8 Zamu_Yangu
Na kikomo cha mtumiaji kinaweza kufungua mlango wa wizi. Kabla ya Linux 3.1, mchakato wa root ukiita `setuid` ili ushuke kuwa mtumiaji wa kawaida, na mtumiaji huyo ameshajaza kikomo chake, `setuid` ilishindwa kwa kosa la EAGAIN, "jaribu tena". Programu nyingi hazikuwa zikiangalia jibu. Waandishi waliamini root hawezi kukataliwa kujishusha! Programu inaendelea na safari ikiwa bado root.

Mwaka 2010 simu za Android zilivunjwa kwa njia hiyo: jaza michakato ya mtumiaji `shell`, ua adbd (huduma inayopokea amri kutoka kompyuta), ikiwaka upya inajaribu kujishusha, inakataliwa, inabaki root. Tangu 3.1 `setuid` inapita na kukataliwa kunasogezwa hadi `execve`, mwito wa kuanzisha programu mpya.

Kwa hiyo Mpiga_Kode, swali lako la "kerneli ifanye nini" lina swali jingine ndani yake: imkatalie nani, kwenye mwito gani? Kosa likirudi mahali ambapo hakuna aliyezoea kuliona, hakuna atakayelishika.

#9 Mpiga_Kode
#8 umenitisha kweli. Kwenye kodi yangu nilikuwa naangalia kaunta ya mtumiaji palepale kwenye `setuid`. Leo natoa.

#10 Fundi_Seva
Turudi kwenye kazi. Mainframe za IBM walilijua hili mapema: kazi inaingia na kadi yake ya JCL (lugha ya kuagiza kazi), juu kabisa imeandikwa TIME (muda wa CPU) kiasi gani na REGION (memori) kiasi gani. Kuna jambo dogo linalonifurahisha hadi leo: TIME=1440, yaani dakika za siku nzima, ilisomwa kuwa "bila kikomo".

Windows nao wana "job object" tangu Windows 2000: unaingiza mchakato kwenye kazi, watoto wake wanaingia humo, na unaweza kuagiza kwamba mshiko wa mwisho wa kazi ukifungwa, wote waliomo wafe. Hadi Windows 8 mchakato uliweza kuwa kwenye kazi moja tu. Ilileta taabu kwa sababu programu mbili zilitaka kila moja kuufunga mchakato uleule, ikabidi waruhusu kazi ndani ya kazi. Kwa hiyo anza na mti tangu siku ya kwanza. Kuuongeza baadaye ni kubomoa ukuta.

#11 Bi_Terminali
Solaris nao walikuwa na ngazi zilizo wazi: mchakato, juu yake task, juu yake project, na project inaweza kuwa na watumiaji wengi. Kwa macho yangu huo ndio mpango safi kuliko yote, na inaniuma kwamba watu wachache sana wanaujua. FreeBSD 9.0, mwaka 2012, walileta `rctl`, unaandika kanuni kwa mstari mmoja:

`user:mgeni:maxproc:deny=100`

Mhusika anaweza kuwa process, user, loginclass au jail, na kitendo kinaweza kuwa kukataa, kuandika kwenye kumbukumbu za mfumo, au kutuma ishara. Tazama jinsi vitu vitatu vinavyotenganishwa: nani, nini, tufanye nini. Linux wamevichanganya, kila kidhibiti kina tabia yake.

#12 hesabu_kwanza
Mimi napinga mwelekeo mzima wa uzi. Kikomo kigumu kinapoteza mali. Ukimpa mtu robo ya CPU na wengine wote wamelala, robo tatu inakaa bure. Kwa CPU kinachofaa ni mgao kwa uzani: wengi wakigombania, kila mmoja apate kwa uzani wake, akiwa peke yake achukue yote.

Kay na Lauder waliandika hili mwaka 1988, mgawaji wa zamu kwa haki, kutoka Chuo Kikuu cha Sydney. Shida yao ilikuwa hii ya #1: mgawaji wa kawaida anakuwa na haki kwa michakato, basi anayezaa michakato mingi anapata zaidi. Wao waligawa kwa watumiaji kwanza, na wakakumbuka matumizi ya nyuma, yakififia polepole. Uliyekula sana asubuhi, jioni unasubiri kidogo.

#13 Zamu_Yangu
#12 kwa CPU sawa, kwa memori hapana. CPU ikichukuliwa leo, kesho inarudi yenyewe. Ukurasa wa memori ulioandikwa data haurudi mpaka umtupe mtu kwenye diski au umuue.

#14 hesabu_kwanza
Nakubali upande wa memori. Lakini ngoja niwaonyeshe madhara ya kikomo kigumu cha CPU, wengi hawajakaa wakapiga hesabu.

Kwenye cgroup toleo la 2 (makundi ya michakato ya Linux yenye vikomo), `cpu.max` ina namba mbili: kiasi na kipindi. Kipindi cha kawaida ni mikrosekunde 100,000, yaani milisekunde 100. Mpe huduma "CPU 2", andika `200000 100000`. Huduma ina nyuzi 20 kwenye mashine ya CPU 20. Ombi linaingia, nyuzi zote zinaamka pamoja. Milisekunde 200 kugawa kwa nyuzi 20 ni milisekunde 10. Baada ya milisekunde 10 mgao umekwisha, wote wanagandishwa kwa milisekunde 90. Mteja anaona jibu lililopaswa kuchukua 12 limechukua zaidi ya 100, na grafu ya wastani inaonyesha CPU haijajaa. Msimamizi anaangalia wastani, anasema mashine iko sawa.

#15 Fundi_Seva
Hapo umenigusa mkuu. Nilikimbiza tatizo hilihili siku nne nikilaumu mtandao. Lililonifumbua macho ni `nr_throttled` ndani ya `cpu.stat`, ilikuwa inapanda kila nikiifungua. Kwa hiyo namwongezea Mpiga_Kode sharti: kila kikomo kiwe na kaunta ya mara ngapi kimegongwa. OpenVZ walikuwa nayo, `/proc/user_beancounters`, safu ya mwisho `failcnt`. Ukiona si sifuri, umeshajua pa kuanzia.

#16 SwaliDogo
Wakuu, nikiwa na maktaba moja inayotumiwa na kazi kumi, memori yake anadaiwa nani?

#17 nyuziMbili
@SwaliDogo umeweka kidole kwenye kidonda. Majibu yapo matatu na yote yana ubaya.

Linux: anayegusa kwanza ndiye anayelipa. Kazi ya kwanza ikisoma faili la GB 1 likaingia kwenye kashe, inadaiwa yeye. Kazi tisa zinazofuata zinasoma bure. Siku kazi hiyo ya kwanza ikifa, deni linabaki linaning'inia kwa marehemu, na kerneli haiwezi kulifuta kaburi lake mpaka kurasa zile ziondoke. Mashine zinazoanzisha na kufunga kontena kila dakika zimewahi kurundika maelfu ya makaburi ya namna hiyo.

La pili, wagawane: kumi, kila mmoja sehemu ya kumi. Inasikika kuwa haki, lakini mmoja akitoka, tisa wanaongezewa deni bila kufanya chochote. Unaweza kuvuka kikomo umelala.

La tatu, adaiwe kila mmoja kamili. Rahisi, na jumla inazidi memori iliyopo.

#18 kernelimzee
Mimi nachagua la kwanza kila siku. Ndilo pekee ambalo kazi haiadhibiwi kwa tendo la jirani.

#19 Bi_Terminali
Mzee, inaadhibiwa. Aliyetangulia kugusa amewabebea wote. Ukianzisha kazi kumi zilezile kwa mpangilio tofauti, inayokufa kwa kukosa memori ni nyingine kabisa. Mimi nachagua la nne: vya pamoja viwe na akaunti yao, msimamizi aamue bajeti yake.

#20 kernelimzee
Na nani atatambua kipi ni cha pamoja kabla hakijaguswa na wa pili?

#21 Bi_Terminali
Msimamizi. Maktaba anazijua.

#22 Zamu_Yangu
Tuwaachie hao wawili, wataendelea mpaka kesho. Mpiga_Kode, kuna memori isiyoonekana kwa mchakato wowote. Bomba (pipe), njia ya kupitisha data kati ya michakato. Kwenye Linux bomba moja hubeba baiti 65,536, yaani kurasa 16. Mchakato wenye ruhusa ya faili 1024 unafungua karibu mabomba 512, unayajaza, hausomi. Ni MB 32. Zaa mia kama huo, GB 3.2 imekwenda, na ukitazama memori ya kila mchakato unaona vijidogo visivyo na hatia. Muuaji wa OOM (anayeua mchakato memori ikiisha) naye anapiga hesabu kwa memori ya mchakato, anaua mwingine kabisa.

Tangu 4.5 kuna `pipe-user-pages-soft`, kurasa 16,384 kwa mtumiaji. Ukivuka, bomba jipya linapewa nafasi finyu badala ya kukataliwa. Napenda sana ulaini huo. Kwa hiyo usihesabu memori ya programu peke yake. Kila kitu ambacho mwito wa mfumo unaweza kuifanya kerneli ikitenge kwa niaba ya mtu kiandikwe kwenye akaunti yake.

#23 Mpiga_Kode
Nimesoma yote mara mbili, asanteni. Sasa nina tatizo la kodi. Kaunta zangu ni mti: mchakato unadai kazi, kazi inadai mtumiaji, mtumiaji anadai mashine. Kila ukurasa ukitengwa natembea hadi juu nikiongeza moja kila ngazi, na juu kuna kufuli moja. Kwenye CPU 8 imekuwa polepole kuliko CPU 2.

#24 nyuziMbili
Usidai ukurasa mmoja mmoja. Kila CPU ichukue fungu kwa jumla, itumie kidogokidogo kutoka mfukoni. Linux walichukua kurasa 32 kwa mara, baadaye wakapandisha hadi 64. Ubaya wake: CPU 8 zikiwa na 64 kila moja mifukoni, kuna kurasa 512 zilizodaiwa lakini hazijatumika, MB 2. Kikomo cha MB 4 kitakuwa na kichaa. Kabla ya kukataa, kusanya mifuko yote kwanza.

Kufuli liondoe. Ongeza kwa atomiki (hatua moja isiyokatizwa), tazama jibu, ukiwa umevuka punguza na urudi. Kuna dirisha dogo ambapo CPU mbili zinavuka pamoja na zote zinakataliwa ingawa moja ingetosha. Mimi naona inavumilika.

#25 hesabu_kwanza
Haivumiliki kwa idadi ya michakato. Mtu mwenye nafasi moja iliyobaki akataliwe kwa sababu jirani yake alijaribu sekunde ileile?

#26 nyuziMbili
Kwa michakato arudie. EAGAIN inatamka hivyohivyo: jaribu tena.

#27 Zamu_Yangu
Na usidhani `current` (waliopo) itakuwa chini ya `max` (kikomo) siku zote. Kwenye kidhibiti cha pids (idadi ya michakato) cha Linux ukimhamisha mtu kutoka kundi moja kwenda jingine, hazuiwi. Ukipunguza kikomo chini ya waliopo, hawauawi. Kinachozuiwa ni kuzaa tu. Kodi yoyote inayosema "kama current == max" itapitwa. Andika >=.

#28 Fundi_Seva
Kwenye kuua niongeze moja. Memori ikigonga kikomo cha kazi, usimuue mmoja ndani yake ukawaacha wengine. Nimeona kazi yenye wafanyakazi 16 ikiuliwa mmoja, 15 wakabaki wanamsubiri usiku kucha, wameshikilia memori yote. Linux wana `memory.oom.group`, tangu 4.19: wote au hakuna. Na kabla ya kuua kuna `memory.high`, inayombana polepole hadi apumue kwa shida, ikimpa msimamizi muda.

#29 Bi_Terminali
`memory.high` bila mtu anayeangalia ni mateso tu. Kazi haifi na haiendi. Nimekuta moja imekaa hivyo siku tatu, na mwenyewe alidhani inakokotoa.

#30 Mpiga_Kode
Nimeamua kwa sasa: mti, kazi ndani ya mtumiaji. CPU kwa uzani, bila kikomo kigumu. Michakato kwa kikomo kigumu, nafasi mbili za mwisho za kila mtumiaji ziwe za kuingia na kuua tu. Memori anayegusa kwanza, kazi nzima inakufa pamoja. Kila kikomo na kaunta ya migongano. Kikomo cha mchakato mmoja nimekibakiza kwa ajili ya ukubwa wa stack, ambako programu inayojiita bila mwisho inakamatwa mapema.

#31 SwaliDogo
Mkuu hizo nafasi mbili za mwisho, kerneli itajuaje kwamba mchakato unaozaliwa ni wa kuingia na kuua, na si mmoja wa wale mia?

#32 Mpiga_Kode
Nilifikiri kwamba mzazi akiwa root wakati wa kuzaa, yaani huduma ya kuingia, basi anaruhusiwa.

#33 kernelimzee
Huyo ataingia. Akishaingia ni mtumiaji wa kawaida, na shell yake ikitaka kuzaa `ps` inakataliwa kama wengine. Umemfungulia mlango wa nyumba, vyumba vyote vimefungwa.

#34 Bi_Terminali
Ana `kill` na `echo /proc/*`. Zinamtosha.

#35 Fundi_Seva
Zinakutosha wewe dada. Watumiaji wangu hawajui hilo. Mpe kila kipindi cha kuingia kazi yake yenye nafasi zake tano nje ya hesabu ya zile mia.

#36 hesabu_kwanza
Ataingia mara ishirini, atakuwa na mia nyingine.

#37 Mpiga_Kode
Basi vipindi navyo vihesabiwe kwa mtumiaji. Naenda kuandika, nitarudi na namba za CPU 8.